« Coupez-la »: kalamu nyekundu haikuona kosa

Leo sitaandika juu ya mihogo. Nitaandika juu ya le, la, les, lui, leur, na wale wadogo wao wawili, y na en. Najua kuko mwenye atasema: agronomu anatafuta nini katika sarufi ya Kifaransa? Nitaanza na shamba, njo utaelewa.

Miaka miwili iliyopita nilipewa kazi ya kuandika fishi ya ukurasa mmoja juu ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria wanauita BXW, wenye ulionekana kwetu mara ya kwanza kule Masisi mwaka 2001 na tangu pale umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Zamani ushauri ulikuwa huu: ukiona muti mmoja unagonjwa, ng'oa touffe yote, ni kusema mugomba mama pamoja na watoto wake wote. Kazi ya kuvunja mugongo, na mwisho mwenye shamba anabaki na shimo. Kisha watafiti wakaona kama bakteria haifikie kila chipukizi la touffe. Wakaanza kufundisha njia ingine: kata ule muti mugonjwa peke yake, chini kabisa, karibu na udongo. Pitisha mupanga kwenye moto ao uuoshe na maji ya Javel. Rudi kila wiki kuangalia. Ile mingine uiache ikomae.

Njia nzuri, ya watu maskini, kwa sababu inawaachia kitu cha kula. Mimi nikaiandika hivi: « Si vous trouvez une touffe avec un pied malade, coupez-la au ras du sol. »

Soma tena polepole. Kichwani mwangu nilikuwa na ule muti mmoja. Lakini « la » haiwezi kuwa « pied », juu pied ni ya kiume. « La » ni touffe. Animatere wetu, kijana mwenye akili na mwenye Kifaransa kizuri kupita changu, alisoma vile imeandikwa, akawaambia wamama: mukate touffe yote. Hakushangaa, juu ule ndio ulikuwa ushauri wa zamani na alikuwa ameuzoea. Mama mmoja mjane, mwenye touffe chache tu nyuma ya nyumba yake, akakata touffe ya miti saba. Muti mugonjwa ulikuwa mmoja. Kati ya ile sita mingine, miwili ilikuwa imebeba mikungu.

Nilimupelekea machipukizi mazima ya kupanda. Aliyapokea, alinishukuru hata. Ile mikungu miwili haikurudi.

Sasa hapa njo lawama yangu inaanza. Ile fishi ilipita katika mikono ya watu wawili wa kuikosoa mbele ya kuchapishwa, watu waliosoma. Mmoja aliniongezea koma, mwingine akarekebisha aksenti moja. Hakuna aliyegusa « la ». Na tuseme ukweli, kwa sheria za shule walikuwa na haki. Sentensi ni safi. Pronomu iko nyuma ya verbu kama inavyotakiwa wakati wa kutoa amri, kale kamustari kadogo katikati kako, jinsia inakubaliana na jina la kike. Mwalimu yeyote na kalamu yake nyekundu angenipa 10 juu ya 10.

Linganisha na siku nilipotetea memuari yangu ya licence. Nilisimama mbele ya juri, shati nyeupe, jasho mugongoni, nikasema: « Ce planteur, je lui ai vu trois fois. » Sala ikacheka. Mmoja wa juri akanisimamisha, akaniuliza kama nilifika chuo kikuu kwa kupitia dirisha, akanirudishisha ile sentensi mara mbili mpaka niliposema « je l'ai vu ». Kwa ile dakika nilisahau hata mavuno kwa hekta ya shamba langu la majaribio, kitu nilichokuwa nakiota usiku. Lakini hakukuwa mutu hata mmoja mule ndani asiyeelewa ni nani nilimuona.

Kosa moja linachekesha na halimudhuru mutu. Lingine linakata miti saba na hakuna anayeliona. Shule ilitufundisha kuogopa lile la kwanza. Lile la pili, sikumbuki kama hata siku moja tulilifanyia zoezi.

Tulizungumzie kwanza lile la kuchekesha, juu najua wengi wenu munalibeba kama kidonda. « Je lui ai vu » si ujinga. Ni sarufi ya Kiswahili imevaa suti ya Kifaransa. Angalia: nilimuona, nilimupa, nilimuandikia, nilimungojea. Ile « mu » haibadilike hata mara moja. Kifaransa kwa hizo nne kinasema je l'ai vu, je lui ai donné, je lui ai écrit, je l'ai attendu. Mutoto aliyekulia katika « mu » moja lazima achague, na anachagua lui, juu lui inasikika, ni silabi nzima, wakati ile « l' » inamezwa na ai kama dawa ndani ya ugali. Na haiko kwetu tu. Lingala iko na « ye » moja kwa kuona na kwa kupa, namoni ye, napesi ye, njo maana hata Kinshasa kosa ni lile lile na kicheko ni kile kile.

Kuko kitu ambacho ningetaka mwalimu mmoja tu angetuambia. Hakuna Mukongomani anayekosea « il m'a vu » na « il m'a donné ». Sababu? Me, te, nous, vous hazitenganishe COD na COI. Kwa watu wanne kati ya sita, Kifaransa chenyewe kinafanya kabisa kama Kiswahili: neno moja kwa kuonwa na kwa kupewa. Tofauti inaingia tu kwa yule wa tatu na wale wa tatu: le, la, les upande mmoja, lui, leur upande mwingine. Shida yote ya sekondari, ile aibu yote, iko ndani ya hako kakona. Lakini sisi tulifundishwa kama vile ni msitu mzima, tukaingia tukapotea.

Tena Kiswahili kinatupa alama moja ya bure. Pale verbu inachukua -ia ao -ea ya kufanyia mutu kitu, mara nyingi Kifaransa kitataka lui. Andika, andikia: je lui ai écrit. Leta, letea: je lui ai apporté. Uza, uzia: je lui ai vendu. Nimewajaribishia wadogo zangu nyumbani, inasaidia. Lakini usiiamini kama Biblia. Saidia iko na -ia na Kifaransa kinasema je l'ai aidé. Ngojea iko na -ea na ni je l'ai attendu. Kupa haina mukia wowote na ni je lui ai donné. Samehe nayo, bila mukia, inataka lui: je lui ai pardonné. Kwa zile zenye kukataa, hakuna ujanja, inabidi ujue kila verbu pamoja na « à » yake, kama unavyojua bei ya kila kitu kule sokoni bila kuiandika.

Hii yote ingechukua masomo mawili. Badala yake tulipewa jedwali. Munalikumbuka? Me, te, se, nous, vous, kisha le, la, les, kisha lui, leur, kisha y, kisha en. Tuliliimba. Mimi mpaka leo naweza kuliimba nikiwa nalala. Jedwali ni la kweli, silikatai, lakini linakuonyesha mahali pa kuweka maneno na halikuambie ni neno gani. Ni kama kumupa mukulima umbali kati ya mistari ya mahindi bila kumuambia ni mbegu gani anashika mukononi. Tena halikuambie pale njia inafungwa. Jaribu kusema « il me lui a présenté ». Haiwezekane. Inabidi useme il m'a présenté à lui. Na Kiswahili? Alinijulisha kwake. Lugha zote mbili zinakwama kwenye jiwe lile lile na zinapita kando kwa njia ile ile! Mwanafunzi akionyeshwa hii, ataacha kufikiri kwamba Kifaransa kilitengenezwa na watu wa sayari ingine.

Lile jedwali lenyewe halikushuka Sinai. Wafaransa wa zamani walisema « il le me donne », na leo ukiandika vile unapigwa mustari. Katika karne ya 17 waliandika « je le veux voir » pale sisi tunafundishwa je veux le voir. Na leo, wakiongea haraka, wao wenyewe wanakula le mbele ya lui: wanasema je lui ai dit pale kitabu kinataka je le lui ai dit. Hakuna anayewauliza kama waliingia kwa dirisha.

Y na en sitakaa hapo sana, zinataka ukurasa wao. Nitasema tu kwamba en ni neno la soko na la depo, na sisi wenye kuhesabu mifuko tungeanzia pale. Mutu anauliza mifuko ngapi, tunajibu « j'ai vingt », naye anangoja umalize. Kiswahili hakikosi kile kitu: niko nayo makumi mbili. Ile « nayo » njo en yako, inakuja mbele ya verbu, basi. J'en ai vingt.

Turudi kwa « coupez-la », juu kule njo kuna mambo.

Kitabu cha shule kinasema pronomu inachukua nafasi ya jina ili kuepuka kurudia. Éviter la répétition. Hiyo sentensi tulilishwa tangu primeri. Ukirudia neno katika dissertation, unapata « rép. » pembeni na pointi inaondoka. Tukakua na woga wa kutaja kitu mara mbili. Ninawaambia, ile sheria, kwa mutu atakayeandika fishi za shamba, ordonansi za hospitali, ao maelezo ya dawa ya kupulizia, ni sheria ya hatari. Katika hadithi, msomaji akichanganya « le » na « la », anarudi nyuma ukurasa. Katika shamba, mupanga haurudi nyuma.

Na pronomu haichukui nafasi ya jina. Inaonyesha jina na kidole. Kidole kiko na shida yake: wawili wakisimama karibu, hujui kinamuonyesha nani. Katika sentensi yangu kulikuwa majina mawili, touffe na pied, bega kwa bega. Jinsia ingenisaidia, kama ningekuwa ninaisikia. Lakini mimi nilikuwa ninawaza Kiswahili cha Kivu, na Kiswahili cha Kivu kwa vitu kinaniambia « uikate ». I- kwa muti, i- kwa touffe, i- kwa shina, i- kwa kila kitu kisichopumua. Kiswahili sanifu kingeniamusha: mgomba ni uukate, shina ni ulikate, machipukizi ni uyakate, kila moja na kulabu yake. Sisi tumeziacha hizo kulabu njiani, na siwalaumu wazazi wetu, lugha inatumika vile inatumika. Lakini ukitoka na « i » moja na kuingia katika Kifaransa chenye le na la, mukono unaokota jinsia ya jina lililo kichwa cha sentensi. Njo vile niliandika la. Sikukosea sarufi. Nilikosea kuangalia kidole kinaelekea wapi.

Na lui, ule munaoulilia, naye ana giza lake ambalo hakuna juri atakalolicheka. Lui haisemi kama ni mwanaume ao mwanamuke. Nimesoma raporti ya ugawaji wa mifugo, siseme ya nani, imeandikwa: « Le chef de ménage était présent avec son épouse. Nous lui avons remis deux chèvres. » Mbuzi walikuwa ni kwa wanawake, ile ilikuwa sharti la proje tangu mwanzo. Sasa lui ni nani hapo? Bwana ao bibi? Sarufi inakubali wote wawili. Aliyeandika alijua, au labda hakutaka tujue. Ile sentensi haina kosa hata moja na haina jibu. Kiswahili pia hakingetusaidia, tulimupa, tulimupa nani? Paka kuandika « à l'épouse ». Kurudia jina. Kile shule ilikataza.

Sasa pale kalamu nyekundu inafanya kazi kwa bidii, ni wapi? Kwa participe. Les plants que j'ai repiqués, na s. La houe que j'ai achetée, na e. Ile sheria ya kufuata COD ikitangulia, Ufaransa iliipokea kwa mushairi Clément Marot, karne ya 16, aliyefuata Waitaliano. Sisi tuliipata kwa Wabelgiji. Na munajua? Mwezi wa 9 mwaka 2018, Wabelgiji wawili, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walimu wa zamani wa Kifaransa, waliandika katika gazeti Libération kuomba participe ya avoir isigeuzwe tena. Iachwe vile iko. Nilicheka siku niliyosoma ile. Wale walioleta mzigo wanataka kuutua, na sisi tuko bado tunaubeba na tunapiga fimbo aliyeuangusha. Ile s ya repiqués haisikike hata, na hakuna muche wowote utakaokufa ikikosekana. Lakini ihesabu katika karatasi ya Exetat na karatasi ya kuomba kazi: kosa moja, pointi moja. « Lui » kwa « le »: kosa moja, pointi moja. « La » ya miti saba: sifuri, hongera.

Hapo njo ninaona uvivu wa ufundishaji wetu. Makosa yanapimwa kwa umbo lake, si kwa kile yanafanya. Ni rahisi kusahihisha umbo, mwalimu mwenye wanafunzi 70 ndani ya darasa moja anaweza kulimaliza usiku mmoja na taa ya betri. Kuuliza « huyu le ni nani? » kunataka kusoma kile mutoto anataka kusema. Kunataka muda. Ninamuelewa mwalimu, mushahara wenyewe munaujua. Lakini juri ya chuo kikuu, watu watano mbele ya mwanafunzi mmoja saa nzima, wao hawana ile sababu.

Kaka mmoja wa promosio yetu, nilipomusimulia hii, aliniambia: wewe unatafuta ruhusa ya kuongea Kifaransa kibaya. Hapana. Mimi leo nasema je l'ai vu, nimejizoeza, na nikisikia mudogo wangu anasema je lui ai vu ninamurekebisha, juu najua kuna mutu atamunyima kazi kwa ile lui. Namurekebisha lakini simucheki, na namuonyesha ile « mu » inatoka wapi. Na hapa kati yetu, kwa hisani yenu, wale munaocheka wengine wakiandika je lui ai vu, angalieni kwanza « je leurs ai dit » munazoandika. Leur ya kupa na ya kuambia haichukui s hata siku moja. Nimezihesabu nne wiki hii. Sitataja majina.

Fishi ya mnyauko niliiandika upya. « Dans la touffe, cherchez le pied malade. Coupez ce pied. Coupez seulement ce pied. Laissez les autres pieds de la touffe. » Pied mara nne, touffe mara mbili, mistari mitatu. Mwalimu wangu wa mwaka wa tano angeijaza na « rép. » mpaka pembeni ikose nafasi. Tukaichapisha vile.

Wiki iliyopita nilimupelekea animatere ingine, juu ya maharage na dawa ya kuhifadhi mbegu. Alikaa kwenye jiwe, akasoma yote, kisha akaweka kidole juu ya mustari wa sita.

« Agro, hii les ni nani? Mbegu ao mifuko? »

Nikaangalia. Zilikuwa mbegu. Nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika les semences.